Watazamaji Hewa wa Novemba

Tarehe 2 Novemba 1997 timu ya Montreal Alouettes ilikuwa na mechi ya mtoano na haikuwa na pa kuichezea. Uwanja wake wa kila siku, ule mkubwa uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1976, ulikuwa umeshachukuliwa na bendi ya U2 kwa tamasha la siku hiyohiyo. Klabu ikahamishia mechi kwenye uwanja mkongwe wa Chuo Kikuu cha McGill, uitwao Percival Molson, ubavuni mwa mlima Mount Royal. Wageni walikuwa BC Lions wa Vancouver. Wenyeji walishinda 45–35, na idadi ya watu iliyotangazwa ilikuwa 16,257.

Katika uwanja wa Olimpiki, wenye viti zaidi ya 50,000, idadi hiyo ingesomwa kama msiba. Pale McGill ilisomwa kama sherehe. Klabu ikanogewa, na kuanzia mwaka 1998 ikahamia hapo moja kwa moja. Mpaka leo ndiko nyumbani kwake.

Mpenda maneno hawezi kupita kisa hiki bila kusimama. Tunaposema uwanja umejaa, tumesema nini hasa kuhusu watu? Hatujasema lolote. Tumesema habari za viti. Watu 16,257 hujaza mahali pamoja na kupwaya mahali pengine, na timu yenye washabiki wachache inaweza kujipatia uwanja uliojaa kwa kuhama tu. Vancouver hawakuhitaji hata kuhama. BC Place ina viti zaidi ya 54,000, lakini kwa mechi nyingi za Lions viti vya juu havifunguliwi, na mapazia makubwa huteremshwa kuvificha. Anayetazama kwenye televisheni anaona nyuso tupu za kitambaa badala ya viti vitupu, na huo ni ustaarabu wa aina yake. Edmonton nao, wenye uwanja wa viti kama 56,000, wamefikia kufunga ngazi za juu.

Kabla sijaenda mbali, jina la mchezo wenyewe. Wakanada wakisema futiboli hawamaanishi kandanda yetu. Ni mpira wa umbo la yai, ndugu wa raga, na ndugu wa karibu zaidi wa ule wa Marekani, ila Kanada huingiza wachezaji 12 kila upande badala ya 11, na timu hupewa majaribio matatu ya kusonga yadi kumi badala ya manne. Uwanja una urefu wa yadi 110, ingawa ligi imetangaza kuufupisha uwe yadi 100 kuanzia mwaka 2027. Ligi hiyo, CFL, ina timu tisa tu. Hapo zamani timu mbili kati yake ziliitwa kwa jina moja, Rough Riders wa Ottawa na Roughriders wa Saskatchewan. Moja iliandika jina lake kwa maneno mawili na nyingine kwa neno moja, na taifa zima likaona hiyo ni tofauti ya kutosha mpaka Ottawa ilipofilisika mwaka 1996. Kombe linalogombewa ni Grey Cup, lililotolewa na Earl Grey alipokuwa Gavana Mkuu, na likachezewa kwa mara ya kwanza mwaka 1909. Nitaita mchezo huu futiboli ya Kanada. Kuuita soka ni kumpotosha msomaji, na kuuita mpira wa miguu ni uongo mtupu, kwa kuwa mguu hugusa mpira kwa nadra.

Sasa turudi kwenye tiketi, maana kila Novemba ndiyo mada ya washabiki wa mchezo huu. Wanajua nani kaumia na nani kapona, lakini dakika kumi baadaye utawakuta wanauliza tiketi zimefika wapi. Chanzo chake ni kalenda. Msimu huanza Juni, kila timu inacheza mechi 18, tisa kati yake nyumbani. Mwenye tiketi ya msimu amelipia hizo tisa na ile ya kujipima nguvu. Mechi ya mtoano haimo. Hiyo hukatwa peke yake, na mara nyingi haijulikani itachezwa wapi na dhidi ya nani mpaka msimu wa kawaida ufikie ukingoni. Kinara wa kila kanda kati ya mbili, Mashariki na Magharibi, hupita raundi ya kwanza bila kucheza, kisha huwa mwenyeji wa raundi inayofuata. Wa pili humpokea wa tatu. Nafasi ya pili ikiamuliwa mechi ya mwisho, klabu ina wiki moja ya kuuza uwanja mzima, kwa baridi ya Winnipeg au ya Regina wanakocheza Roughriders, wakati magongo ya barafu yameshaanza na mechi yenyewe inaonyeshwa sebuleni. Kwa miaka mingi klabu zilijilinda kwa kuzuia mechi isionyeshwe katika mji wa mwenyeji ikiwa tiketi hazijakwisha. Adhabu hiyo ilimwangukia hata mgonjwa aliyelazwa hospitali.

Kwa hiyo washabiki hugeuka wakaguzi wa hesabu. Hufungua ramani ya viti kwenye simu na kuhesabu vidoti vya viti ambavyo bado vinauzwa. Hulinganisha Jumatatu na Alhamisi. Huangalia bei za walanguzi, kwa kuwa mlanguzi akianza kuuza chini ya bei aliyonunulia, habari ni mbaya kuliko klabu itakavyokubali kusema. Kisha siku ya mechi idadi inatangazwa, na ugomvi unaanza upya: mbona wametaja watu elfu ishirini na kitu, na mimi nilikuwapo, nikaona safu nzima nzima hazina mtu?

Ugomvi huo una jibu, na jibu limejificha ndani ya neno. Katika michezo ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, idadi inayotangazwa kwa kawaida hujengwa juu ya tiketi zilizouzwa au kutolewa. Waliopita getini ni hesabu nyingine, na klabu huwa nayo, maana kila tiketi husomwa na mashine mlangoni, ila mara chache huitoa kwa watu. Mfasiri wetu wa habari za michezo akiikuta idadi ile ya kwanza, bila kusita huandika mahudhurio. Hapo ndipo nasema hapana.

Kuhudhuria ni kuwapo. Mzizi wake wa Kiarabu umetupa hadhira, walio mbele ya msemaji, na hadharani, mbele ya macho ya watu, na maneno yote hayo yanataka mwili uwe mahali. Mzazi akilipa ada ya muhula mzima na mtoto akabaki kitandani, daftari la mahudhurio linaandika hayupo, na hakuna mhasibu wa shule atakayekwenda kulisahihisha kwa kuonyesha risiti. Klabu za Kanada, na wenzao wa Marekani, hufanya kile ambacho mhasibu huyo hakuthubutu. Kiingereza kinawaruhusu kwa sababu neno lao limelegea kwa kutumiwa hivyo miaka mingi. Letu halijalegea, na sioni sababu ya sisi kulilegeza kwa niaba yao.

Wala hatupungukiwi vifaa. Kiswahili kina viambishi vinavyofanya kazi hii bila jasho: tiketi zilizouzwa, tiketi zilizogawiwa, watu walioingia. Hesabu tatu, vitenzi vitatu, na kila kimoja kinaeleza kitendo kilichotendeka kweli. Tuna hata kile kitenzi kizuri cha kukata tiketi, kilichozaliwa zama za kitabu cha tiketi chenye kishina. Muuzaji alichana kipande akampa mnunuzi, kishina kikabaki kwake kama ushahidi. Siku hizi hakuna karatasi wala kishina, kila kitu kimo kwenye simu, na bado tunakata tiketi, muuzaji anakata na mnunuzi anakata, bila mtu kuchanganyikiwa. Neno hilo linastahili kusafiri hadi Regina.

Hiyo hesabu ya katikati, ya tiketi zilizogawiwa, ina utani wake. Watu wa tamthilia wanaozungumza Kiingereza humwita mtazamaji aliyeingia bure karatasi, na ukumbi uliojazwa kwa tiketi za bure ili usionekane mtupu husemwa kwamba umepakwa karatasi. Washabiki wa futiboli ya Kanada wameurithi msemo huo, na huutumia kwa ukali dhidi ya timu za miji mingine. Kwetu tuna bwerere na tuna mwaliko, na vyote viwili havina aibu ya kutosha. Karatasi ina aibu. Inasema kwamba klabu imepamba ukuta wenye nyufa.

Kinachonivutia zaidi ni yule aliyelipa asiende. Ana tiketi, kiti ni chake, na Jumamosi asubuhi amefungua pazia, ameona theluji, amefunga pazia. Katika hesabu iliyotangazwa yumo. Uwanjani hayumo. Kiingereza kina jina lake. Sisi hatuna, na nimejiuliza kwa nini.

Kiswahili cha michezo kimelelewa na viwanja vinavyofurika. Msikilize mtangazaji wa redio siku ya Simba na Yanga: uwanja umefurika, umetapika, umejaa pomoni, nyomi, hapana pa kutia mguu. Kila neno linaeleza kitu kilichozidi chombo chake. Upande wa upungufu tunapapasa. Tunasema uwanja unapwaya, na hapo tumeazima kwa fundi cherehani, au tunasema watazamaji walikuwa wa kuhesabika, na baada ya hapo pumzi zinakata. Tatizo la uwanja katika masikio yetu limekuwa siku zote watu kuzidi. Ndiyo maana tunalo jina tamu la mtu aliye kinyume kabisa na yule wa Novemba: mzamiaji. Neno hilo lilitoka bandarini, kwa vijana wanaojificha melini bila nauli, likaingia kwenye sherehe za watu, kisha mageti ya viwanja. Mzamiaji ni mwili usio na tiketi. Na hofu ya mzamiaji haijaisha. Agosti 2025, kwenye mashindano ya CHAN, CAF ilipunguza watazamaji wa Kasarani hadi 27,000 kwa mechi ya Kenya na Zambia, baada ya watu kuvunja utaratibu wa mageti katika mechi zilizotangulia. Jaribu kumweleza ofisa wa tiketi wa Toronto kwamba kuna mahali idadi ya watazamaji inapunguzwa ili kuzuia watu wanaotaka kuingia. Angeomba anwani.

Kwa tiketi isiyo na mwili, basi, inabidi kutafuta nje ya michezo, na nimepata ofisi za serikali. Tunao watumishi hewa. Mwaka 2016, enzi za Rais Magufuli, Tanzania nzima ilijifunza msamiati huo, na Wakenya wanao wafanyakazi hewa wao. Ni majina yaliyomo kwenye orodha ya mishahara bila watu nyuma yake. Napendekeza watazamaji hewa. Hewa ndiyo iliyoketi kwenye kile kiti. Najua pingamizi litakalokuja: hewa ya watumishi imebeba harufu ya wizi, na huyu wa Winnipeg hajaiba kitu. Kweli. Mtumishi hewa huchukua fedha bila kuwapo, mtazamaji hewa hutoa fedha bila kuwapo. Lakini harufu hiyo siichukii. Kuna uongo kidogo ndani ya idadi inayotangazwa, ingawa uongo wenyewe si wa aliyebaki nyumbani, na neno likiwa na harufu kidogo linamkumbusha msomaji aulize nani aliyehesabu.

Uongo huo una uzito usio sawa kwa kila timu. Winnipeg na Saskatchewan hazina tajiri anayezimiliki. Ni mali ya jamii, na tiketi kwao ni damu. Mwaka 1987 Roughriders walikuwa ukingoni mwa kufilisika, ikabidi kuendesha mchango wa televisheni kuwaokoa. Jimbo zima la Saskatchewan lina watu milioni moja na ushei waliotapakaa kwenye nyanda za ngano, na wapo wanaoendesha gari saa kadhaa kwenda Regina, kisha wanavaa tikitimaji lililochongwa kichwani kama kofia ya chuma. Nilitaka kuiita timu ya wananchi, ambayo kwa maana ndiyo tafsiri safi kuliko zote, nikakumbuka kwamba kwa msomaji wa Dar es Salaam jina hilo lina mwenyewe, Yanga, na rangi zake ni kijani na njano. Bahati mbaya iliyoje, Roughriders nao wanavaa kijani. Timu ya jamii basi, ingawa haina ladha.

Washabiki wa timu hiyo wana jina ambalo mtafsiri hana budi kulishika kwa uangalifu. Kwa kuwa wachezaji ni 12, wao hujiita mtu wa 13. Ni majivuno halali: kelele zetu ni mchezaji wa ziada. Kisha ikaja fainali ya Grey Cup ya Novemba 2009 huko Calgary. Saskatchewan walikuwa wakiongoza, sekunde zimekwisha, mpigaji wa Montreal, Damon Duval, akakosa teke lake la mwisho. Saskatchewan wakaanza kushangilia. Waamuzi wakahesabu watu waliokuwa uwanjani upande wa kijani na kukuta 13. Duval akarudia kutoka karibu zaidi, akafunga, Montreal wakashinda 28–27. Tangu siku hiyo mtu wa 13 ana maana mbili katika jimbo hilo, na ya pili haisemwi mezani. Sijui lugha iliyowahi kumlipiza msemaji wake kwa haraka namna hiyo. Na angalia: kati ya hesabu zote za vichwa ninazozizungumzia hapa, ile ya waamuzi ndiyo pekee iliyofanywa kwa kuangalia miili.

Kuna maneno mengine mawili yanayomtesa mfasiri wa tiketi za Novemba, na nitayapitia upesi. La kwanza ni fainali. Mechi inayoitwa Fainali ya Mashariki au Fainali ya Magharibi haimalizi kitu. Mshindi wake ndiye anayekwenda kwenye Grey Cup, kwa hiyo kwa lugha yetu ni nusu fainali, na ile inayoitwa nusu fainali ni robo kwa hesabu ya kubabaisha. La pili ni Mashariki yenyewe. Ligi ina sheria ya kuvuka: timu ya nne ya kanda moja ikiwa na matokeo bora kuliko ya tatu ya kanda nyingine, inahamia huko kwa mtoano. Ndivyo BC Lions, timu ya pwani ya Pasifiki, ilivyojikuta mwaka 1997 McGill ikigombea Mashariki. Mwaka 2009 walirudi Montreal kwa Fainali ya Mashariki, safari hii kwenye uwanja wa Olimpiki, mbele ya watu waliotangazwa kuwa zaidi ya 50,000. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Edmonton, walioingia Ottawa kwenye theluji na kufungwa 35–23. Wangeshinda, mabingwa wa Mashariki wangetoka Alberta. Muuza tiketi hapendi mvukaji hata kidogo, kwani mgeni anayetoka umbali wa kilomita zaidi ya 2,500 haji na mabasi ya washabiki.

Mambo haya si ya mbali kama yanavyosikika. Edmonton, Winnipeg na Ottawa zina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, za Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, na watoto wao wanasoma shule moja na watoto wenye vitambaa vya timu hizi. Mtoto akirudi nyumbani akasema baba, tununue tiketi, ni fainali, uwanja utajaa, baba anastahili kujua kwamba kati ya maneno hayo matatu ni tiketi pekee inayomaanisha kile anachokidhani.

Na hata yule aliyekata tiketi na akaenda kweli bado anaweza kulishinda neno. Tarehe 1 Desemba 1962 Grey Cup ilichezwa Toronto, kwenye uwanja ulio karibu na Ziwa Ontario, kati ya Winnipeg na Hamilton. Ukungu ukapanda kutoka ziwani. Katika robo ya mwisho, zikiwa zimebaki dakika 9 na sekunde 29, mechi ikasimamishwa, na watu wakaambiwa warudi kesho. Siku ya pili waliorudi walikuwa wachache zaidi, wakaona dakika tisa zisizo na pointi hata moja, na Winnipeg wakabaki na ushindi wao wa 28–27. Kumbukumbu za mechi hiyo zina idadi moja tu ya watu, 32,655, nayo ni ya siku ya kwanza. Hao hawakuwa hewa. Walilipa, walipita getini, walikaa kwenye baridi, kila hesabu kati ya zile tatu inawakubali. Walihudhuria. Ila kwa sehemu kubwa ya mchana ule walioketi mbali hawakuuona mpira, na sisi tunawaita watazamaji.